Kufikia fosi septiki bila kuvunja dali: njia nne zikilinganishwa kwa parseli za Goma

Fosi septiki nyingi za Goma, yaani matangi ya chini ya ardhi yanayopokea maji ya choo, hazina mlango. Masoni alimwaga dali, bamba la zege linalofunika fosi, akaacha tundu la kutolea mbao za kofrasi zilizoshikilia zege, akaliziba. Baadaye bayeri (mwenye nyumba) akapanga pave, matofali ya kutandika uani, juu yake, au akasawazisha kiwanja kwa kokoto ya volkano hadi dali ikazama nusu mita. Siku choo kinapoanza kurudisha maji, gari la vidanji, la kunyonya uchafu, linafika, tiyo (bomba) yake inabaki imekunjwa, na vijana wawili wanazunguka kiwanja wakigonga kwa nyundo kutafuta panapolia utupu.

Njia za kuondokana na hali hiyo ni nne: kuiacha dali ilivyo na kuifungua kila inapohitajika, kupandisha tiyo ya kunyonyea peke yake, kujenga shingo (njia ya wima kutoka dali hadi usawa wa kiwanja) ya mawe au tofali, au kuweka shingo ya pete za zege au ya pipa la plastiki. Kila fundi hutetea aliyoizoea. Mfuniko ni swali jingine, nalo nitalifikia, kwa sababu watu huanza na mfuniko wakati tundu lenyewe limekaa mahali pabaya.

Mlango ufikie nini

Fosi septiki iliyojengwa vizuri ina vyumba viwili, cha kwanza kikichukua kama theluthi mbili za ujazo. Vizito vinazama na kuwa tope, mafuta yanaelea na kuwa ukoko, na maji ya katikati yanatoka kwenda pwiperdi, lile shimo la kunywesha maji ardhini. Kinachozuia ukoko usitoke pamoja na maji ni T, kipande cha tiyo chenye umbo la herufi hiyo, kilichowekwa kwenye tiyo ya kutokea. T hiyo ikivunjika au ikidondoka, mafuta yanaingia pwiperdi na kuiziba, na kuchimba pwiperdi nyingine kwenye lava ni adhabu.

Kwa hiyo mahali pa kufikiwa ni pawili: juu ya T ya kuingilia na juu ya T ya kutokea. Tundu moja katikati ya dali linamfaa mtu wa vidanji siku moja, lakini halikuonyeshi chochote cha maana. Kwenye T ya kutokea ndipo unapoteremsha fimbo na kupima. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri fosi ikaguliwe kila miaka 3 na kwa kawaida inyonywe kila miaka 3 hadi 5, au mara tu sehemu ya juu ya tope inapobakiza sentimita 30 kufikia tundu la kutokea, ama sehemu ya chini ya ukoko inapobakiza sentimita 15. Parseli yenye nyumba tatu za wapangaji, watu kumi na tano wakitumia fosi moja, isihesabu miaka hiyo. Ipime.

Hapa Goma kipimo hicho kinasema jambo jingine pia. Utasikia mtu akijisifu: “Fosi yangu haijawahi kujaa tangu volkano ya 2002.” Maji ndani ya fosi nzima yanatakiwa yasimame usawa wa mdomo wa chini wa tiyo ya kutokea, wakati wote, hata wiki moja baada ya kunyonywa. Yakiwa chini ya hapo, sakafu au ukuta unavuja, na chini yetu ni mwamba uliopasukapasuka ambao unapitisha maji bila kuyachuja sana. Mji huu hauna hata mto kwa sababu mvua inazama humo. Yakiwa juu ya hapo, pwiperdi imeanza kuziba. Fosi isiyojaa kamwe ni habari mbaya kwa mtu anayechota maji ziwani, na bila mlango hakuna atakayeijua.

Kuacha dali ilivyo

Hii ndiyo rahisi leo. Tatizo ni kwamba dali ya fosi inaliwa kutoka chini. Gesi yenye harufu ya yai bovu inapanda hadi kwenye zege lenye unyevu, na vijidudu vinavyoishi pale vinaigeuza kuwa asidi ya salfa. Zege linalainika, nondo zinapata kutu na kuvimba. Juu unaona sakafu ngumu, chini zimebaki sentimita chache. Ukiipiga nyundo kila mara, unakata nondo, vipande vinadondoka ndani, na kiraka unachomwaga hakishikani vizuri na zege la zamani. Anayegonga anasimama juu ya hiyo hiyo dali.

Lakini si kila aliyezika dali anahitaji ujenzi. Kama tayari kuna mfuniko halali na udongo juu yake hauzidi kiganja, pima umbali kutoka pembe mbili za nyumba hadi katikati ya mfuniko, andika namba hizo kwa rangi ukutani, nyuma ya mlango wa choo. Gharama yake ni kopo la rangi. Kwa mpangaji asiyejua kama mwakani atakuwepo, huu ndio uamuzi wenye akili.

Tiyo ya kunyonyea

Fundi atakuambia: “Papa, tutaweka tiyo tu hadi juu, itatosha.” Ni tiyo ya plastiki ya milimita 110 au 160, inatoboa dali, inapanda hadi usawa wa kiwanja na kufungwa kwa kizibo. Ni rahisi, mtoto hawezi kutumbukia, harufu haitoki, na kwenye ua wenye pave haionekani. Ndiyo maana inapendwa.

Mimi siipendi kama mlango pekee. Kwanza, tiyo za magari ya vidanji mara nyingi zina upana wa inchi 3 au 4. Ya inchi 4 haipiti ndani ya 110. Pili, pampu inanyonya mahali ilipo tu. Maji yanakimbilia mdomo wa tiyo, tope zito linabaki pembeni limesimama, nawe umelipia gari lililojaa maji. Ili tope litoke, mtu anahitaji kulikoroga kwa mti mrefu na kulirushia maji, na huwezi kukoroga kupitia tundu la sentimita 16. Tatu, huioni T.

Kuna jambo la mwinuko pia ambalo wauzaji wa pampu hawalitaji. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Pampu ya kunyonya haivuti maji, bali hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma. Na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi. Pwani, kikomo cha nadharia ni kama mita 10 za maji. Hapa ni kama mita 8 na nusu, na kwa tope, msuguano wa tiyo na pampu iliyochoka, ondoa mita kadhaa zaidi. Fosi yenye kina kirefu iliyo nyuma ya nyumba, gari likiwa limesimama barabarani juu zaidi, inaweza kushindikana kabisa. Tiyo nyembamba inaongeza shida hiyo.

Halafu fikiria mitaa ya Majengo, Mabanga au Kasika ambamo gari halifiki. Pale vidanji ni ndoo na kata yenye mpini mrefu. Tiyo ya kunyonyea haina kazi hata moja.

Mahali tiyo inapostahili ni kama nyongeza: ile ya 110 iliyosimama wima juu kabisa ya T ya kutokea, kwa ajili ya fimbo ya kupimia na kuzibua. Ukiwa na mlango mpana upande wa kuingilia na jicho hilo upande wa kutokea, umeokoa gharama ya shingo ya pili.

Shingo ya mawe au tofali

Mawe ya volkano yapo, masoni anayajua, hakuna cha kuagiza. Kwa sababu hiyo wengi huishia hapa. Sina ugomvi na mawe. Nina ugomvi na uzito wake. Chukua tundu la sentimita 60 kwa 60 na shingo ya kimo cha 60. Ukijenga kwa mawe, ukuta hauwi mwembamba kuliko sentimita 20, na unapata karibu kilo 800. Kwa tofali za sima (saruji) za sentimita 10 ni karibu kilo 350. Pete ya zege ya unene wa sentimita 6, upana wa ndani 60, kimo kilekile, ni karibu kilo 180. Pipa la plastiki la lita 200 halifiki kilo 12.

Weka kilo 800 katikati ya dali ambayo imeliwa kutoka chini kwa miaka 15, halafu ongeza mfuniko na watu wawili wa vidanji. Kama unataka mawe, shingo ipangwe ili angalau pande mbili zikae juu ya kuta za fosi zenyewe, au moja juu ya ukuta na nyingine juu ya kizuizi cha katikati. Dali ikiwa na shaka, vunja upande ule wote na umwage mpya yenye tundu lake tangu mwanzo, badala ya kutoboa ya zamani na kuipakia mzigo.

Jambo la pili ni vinyweleo. Jiwe la volkano lina matundu. Bila plasta ya sima ndani na nje, maji ya mvua yanapenya. Mvua ikiingia kwenye fosi inasukuma tope kwenda pwiperdi, na utashangaa kwa nini choo kinasumbua kila Aprili na kila Novemba. Mahali panapovuja zaidi ni pale shingo inapokutana na dali. Dali ichongwe iwe na mikwaruzo, isafishwe, ipakwe uji wa sima, ndipo tofali la kwanza likae.

Kama lava iko karibu na uso wa ardhi, na fosi imejengwa nusu juu ya ardhi, kama ilivyo kwenye parseli nyingi za katikati ya mji, kimo cha shingo kinakuwa tofali mbili tu na hoja ya uzito inaisha. Hapo tofali za sima zinashinda bila mashindano.

Pete za zege, na pipa

Pete humwagwa kwa kalibu na zinaweza kutengenezwa uani kwako. Zimwagwe za kimo cha sentimita 30 badala ya 60: kila moja inakuwa kama kilo 90, chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inaileta bila kulalamika, na watu watatu wanaiteremsha bila kuponda vidole. Zinapangwa juu ya nyingine kwa sima, na kwa nje ya maungio unapaka guduro (lami). Faida yake kubwa ni kuongezeka: ukija kuinua kiwanja miaka mitano baadaye, unaweka pete ya tatu, kazi imekwisha. Shingo ya mawe ungeanza kuijenga upya.

Pipa la plastiki lililokatwa chini ni shingo ya mtu asiye na pesa mwezi huu, na haliaibishi. Upana wake wa ndani, karibu sentimita 57, unatosha kwa tiyo, mti wa kukorogea na ndoo. Lakini plastiki pekee inabanwa na udongo hadi inakuwa yai, na jua linaikausha ipasuke. Lizungushie zege la sentimita 8 na lisiachwe wazi juu. Pipa liwe kofrasi ya ndani. Pipa la chuma usiliguse. Gesi ya fosi italila.

Mfuniko

Watu huuliza upi ni imara. Swali linalofaa ni nani ataunyanyua, na nani hatakiwi kuunyanyua.

| Mfuniko | Uzito wa takriban | Unapofaa | Unapokera |
|---|---|---|---|
| Zege la sentimita 60×60, unene 8 | kilo 70 | ua wenye watoto wengi | unahitaji watu wawili na mti |
| Zege la duara, upana 70, unene 7 | kilo 65 | juu ya pete | kalibu yake si ya kila masoni |
| Chuma cha bapa cha milimita 5, 60×60 | kilo 15 | parseli yenye ukuta na geti | kutu, na wezi wa chuma |
| Plastiki yenye skrubu | kilo chache | fosi ndogo, kivulini | mtoto akiikuta imelegea |

Nachagua zege la duara. Mfuniko wa mraba ukiugeuza pembe kwa pembe unapita kwenye tundu lake na kutumbukia. Wa duara hauwezi, ukiuelekeza upande wowote. Mfuko mmoja wa sima wa kilo 50 unatoa mifuniko minne au mitano ya ukubwa huo, kwa hiyo majirani wanaweza kuchanga. Wekeni pete mbili za nondo zilizozama kidogo ndani ya zege, ili mti upite na watu wawili wainue wakiwa wamesimama wima.

Chuma si kibaya, mradi kipakwe rangi ya kuzuia kutu chini na juu na kifungwe kwa kufuli. Ukichagua chepesi, chuma au plastiki, ongeza wavu wa nondo ndani ya shingo, matundu yasizidi sentimita 10, nao uwe na kufuli yake. Mtoto wa miaka mitatu hasubiri mtu mzima akumbuke kufunga.

Gari likipita juu, sahau jedwali hilo. Mifuniko ya chuma cha kuyeyushwa inayotoka Ulaya ina alama iliyochapwa: B125 imejaribiwa kwa tani 12.5 na inafaa njia za watu na magari madogo, D400 kwa tani 40, ya barabara. Lakini mfuniko ukihimili, je, dali chini yake? Kuhamisha maegesho ni rahisi kuliko kuhamisha fosi.

Gesi, na hasa mazuku

Kila fosi ina hatari ya gesi, lakini Goma ina yake ya ziada. Upande wa magharibi, kuelekea Mugunga na Bulengo, mabonde madogo hukusanya mazuku, hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, isiyo na harufu. Hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Kwa hiyo usiweke mlango wa fosi kwenye kona ya chini kabisa ya parseli, na usikubali vidanji saa kumi na mbili asubuhi eti kabla majirani hawajaamka kusikia harufu. Fungueni mchana, upepo ukipiga, muache wazi kwanza, na mtu asipige magoti akaingiza kichwa kuchungulia. Hii pia ni hoja ya shingo iliyoinuka: anayefungua anabaki uso juu.

Mshumaa wa kupimia hewa hapa ni kosa la kifo. Kwenye fosi kuna metani inayowaka, na ile gesi ya yai bovu inaua pua kwanza: ikizidi, huinusi tena. Hakuna anayeingia ndani, hata kufuata simu iliyodondoka. Aliyedondoka mwenyewe asifuatwe na mwingine bila kifaa cha hewa. Walio juu wamvute kwa kamba kama wanaweza.

Mfuniko ubane, na gesi ipewe njia yake: tiyo ya hewa inayopanda hadi juu ya paa. Wengine huacha tundu kwenye mfuniko ili “fosi ipumue”. Wanafuga mbu.

Kwa nani, kipi

Nyumba yako mwenyewe, gari linafika, dali imefunikwa na nusu mita ya kokoto: pete za zege upande wa kuingilia, tiyo ya 110 juu ya T ya kutokea, mfuniko wa duara. Mdomo wa shingo uzidi kiwanja kwa sentimita 10. Kichochoro kisichopitika kwa gari: tofali za sima, matundu mawili mapana, usibane pesa kwa tiyo, kwa sababu kata na ndoo vinahitaji nafasi. Ua wote umewekwa pave na bayeri hataki kuona kitu: shingo iishie usawa wa pave, mfuniko wa zege wenye pave juu yake, na maji ya mvua yageuziwe njia.

Ndugu zetu wa Bukavu wasinakili haya moja kwa moja. Kwenye miteremko ya Kadutu udongo ni mfinyanzi na maji yanashuka kwa kasi. Shingo inainuliwa zaidi upande wa mlimani na kuchimbiwa mfereji wa kukata maji. Lubumbashi ni tambarare, na maji ya ardhini yakipanda wakati wa masika, fosi ya plastiki iliyonyonywa hadi mwisho inaweza kuelea na kung’oa maungio, shingo ikiwemo.

Mpangaji anayeona bayeri hajali anaweza kupendekeza alipie kazi na ikatwe kwenye kodi, kwa karatasi yenye sahihi mbili. Bayeri wengi hukubali wakionyeshwa kwamba vidanji ijayo haitavunja pave zao.

Kwa fundi, mambo matatu yakae kwenye makubaliano. Atoboe dali karibu na ukuta wa fosi, si katikati, baada ya kuiacha ipumue kwa kutoa kwanza tundu dogo. Zege jipya lifunikwe, limwagiwe maji kila siku na lisikanyagwe kabla ya siku 7. Na malipo ya mwisho yatoke baada ya kumwaga ndoo mbili za maji kuzunguka shingo kwa nje, mfuniko ukiwa wazi, mkiangalia kwa tochi kutoka juu kama kuna mahali panapodondosha.